Selo peke yake kwa saa mbili: CD za Bach za Pau Casals

Sisi tunaopiga selo (ile fidla kubwa ya sauti nzito) kwenye taarabu kazi yetu ni kushika chini. Fidla zinaimba, ganuni inapamba, mwimbaji anachukua sifa zake, na sisi tumebeba. Ndiyo maana CD hizi mbili za mpiga selo wa Hispania, Pau Casals (kasha limeandika Pablo, kwa Kihispania), zimenikaa moyoni. Humu selo iko peke yake kwa zaidi ya saa mbili, hata dumbak, ile ngoma yetu ndogo, hakuna, na hutamani kitu kingine kiongezwe.

Kilichomo ni suiti sita za mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach. Kila moja ina utangulizi na ngoma tano (miziki ya kuchezea dansi) za Ulaya ya zamani, jumla vipande 36. Casals alizikuta noti zake mwaka 1890 katika duka karibu na bandari ya Barcelona, akiwa na miaka 13. Wakati huo watu waliziona ni mazoezi ya vidole tu, na aliyezipiga hadharani alichomoa kipande kimoja akaishia hapo. Yeye alizifanyia kazi miaka kama 12 kabla ya kuthubutu kupiga suiti nzima mbele ya watu, na alipoingia studio kuzirekodi alikuwa anakaribia 60. Subira ya namna hiyo naisikia kwenye upinde wake: hana haraka ya kukuonyesha anachokijua.

Baba yake alikuwa mpiga kinanda cha kanisa huko El Vendrell, Katalunya, na chombo cha kwanza cha nyuzi alichochezea mtoto huyu kilitengenezwa kwa kibuyu. Aliyewahi kuona zeze la Wagogo hahitaji maelezo zaidi.

Nataka niseme habari ya sauti, maana hapo ndipo wapigaji wenzangu watakapofaidika. Casals hapigi noti kama zilivyopangwa kwenye piano. Noti inayotaka kupanda kwenda kwenye makao yake, yaani noti ambayo wimbo unatulia, huisukuma juu kidogo, ikawa karibu zaidi na inakokwenda, na wanafunzi wake aliwafundisha hivyo hivyo. Si robo ya sauti tuliyoizoea kwenye maqamu (ngazi za noti za Kiarabu) kama rasti au bayati, msinielewe vibaya. Lakini sikio lililokulia kwenye maqamu litaitambua mara moja, na litafurahi kujua kwamba hata huko kwao noti haikuwa kitu cha kupigiliwa msumari. Sikilizeni utangulizi wa suiti ya pili. Halafu mtazameni mkono wake wa kulia kwenye picha yoyote: kiwiko kiko huru. Alipokuwa mwanafunzi, watoto walifundishwa upinde wakiwa wamebana kitabu kwapani. Yeye alikataa, na leo dunia nzima inapiga kama yeye.

Kurekodi kwenyewe kulikuwa kwa santuri za zamani, ambazo upande mmoja hauchukui zaidi ya dakika nne na kitu. Hakuna kukata na kuunga. Ukiteleza, unarudia upande mzima. Suiti ya pili na ya tatu zilirekodiwa London Novemba 1936, miezi minne tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza Hispania. Ya kwanza na ya sita Paris mwaka 1938. Ya nne na ya tano Paris Juni 1939, Jenerali Franco ameshashinda vita hivyo, na Casals hakurudi tena kuishi nchini kwake. Alikaa Prades, mji mdogo wa Ufaransa karibu na mpaka, kisha Puerto Rico, alikozaliwa mama yake. Akafia huko 1973, na mifupa yake ikapelekwa El Vendrell 1979, Franco akiwa ameshakufa.

Kwa hiyo ukifika Sarabande, mojawapo ya zile ngoma, ya suiti ya tano, jua inatoka mwaka gani. Haina kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) hata moja, ni mstari mmoja wa noti kutoka mwanzo hadi mwisho, na Casals haongezi machozi yoyote juu yake. Kwangu ndiyo dakika bora kuliko zote kwenye CD hizi.

Kasoro zipo. Mkwaruzo wa santuri haukuisha, na anayetumia simu bila spika nzuri atachoka mapema, maana sauti za chini zinapotea kabisa. Suiti ya sita iliandikiwa chombo cha nyuzi tano. Kwenye nyuzi nne inambidi apande juu sana, na pengine noti zinambana. Kijitabu cha toleo nililonunua mimi ni cha Kiingereza na kinaeleza kidogo mno kuhusu hizo ngoma.

Bei yake haifiki hata nusu ya seti moja ya nyuzi za selo, kwa hiyo kwa mpigaji sioni sababu ya kusita. Msikilizaji wa kawaida aanze na suiti ya tatu, ndiyo yenye furaha na uwazi, kisha arudi ya kwanza. Ya tano muiache hadi masikio yazoee mkwaruzo. Na anayetaka sauti safi ya studio za leo atafute mpigaji mwingine, wako wengi na wazuri, wote wamepita njia aliyoifungua huyu.