Kikundi cha kuacha mazoea ya dhambi, Katuba (Lubumbashi)

Kinakutana Jumanne jioni nyuma ya kanisa, watu sita hivi, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Hakuna malipo.

Nguvu yake ni ungamo. Yakobo 5:16 (muungamiane dhambi zenu) inachukuliwa ilivyo: kusema "nimeanguka" hakutoshi, unataja lutuku (pombe kali ya kienyeji), wapi, saa ngapi, na nani. Kisha wanarudi nyuma hatua kwa hatua hadi pale mambo yalipoanzia. Mara nyingi ni siku ya mshahara na njia inayopita kwa muuzaji. Basi njia inabadilishwa, feza anashika mke. Kila mtu ana mwenzake wa kupigia simu tamaa inapoanza, si kesho yake.

Kasoro: kila anguko linaitwa pepo. Aliyerudia anaona haya, juma linalofuata haonekani. Warumi 7 (Paulo analia kwamba anatenda baya asilolitaka) inasomwa vizuri, ila saa inaisha kabla ya sura ya 8 (hakuna hukumu kwa walio katika Kristo, Roho anaweka huru), ambako ndiko kwenye dawa yenyewe!

Kubwa zaidi, wanaombea walevi wa kila siku waache papo hapo. Mwili uliozoea pombe miaka mingi ukikatiwa ghafla unaweza kutetemeka, hata kushikwa na kifafa. Huyo apite kwanza kwa daktari, maombi yaendelee.