YouVersion kwenye kikundi cha vijana: kusoma naipa tano, ila swali la "hii inanihusu nini" msiiachie simu

Walezi wenzangu wa vijana Bwana asifiwe. Naomba niseme kuhusu hii apu ya Biblia ya YouVersion maana siku hizi ukiingia karibu kila ibada ya vijana, iwe usharikani, iwe UKWATA, ule umoja wa wanafunzi Wakristo mashuleni, unakuta nusu ya watu wameshika simu na ndo Biblia yao hiyo, halafu mjadala unaosikia kwa wazee ni mmoja tu, simu kanisani ruksa au marufuku. Mi naona swali kubwa liko kwingine. Swali ni je, kijana akishasoma hadithi ya Yusufu au Samweli humo ndani, anatoka na kitu cha kumsaidia Jumatatu asubuhi? Hapo ndo nataka niipime hii apu, nyota nne kwa tano kabla hamjaniuliza, na ile moja iliyobaki nitaieleza.

Kwa wasioijua kabisa, ilitoka 2008, mwaka uleule Apple walipofungua duka lao la apu, na wenyewe ni kanisa la Life.Church la kule Oklahoma, Marekani. Mwaka 2021 walifikisha simu zaidi ya milioni 500 zilizoipakua. Ni bure, na haina matangazo, na hili la matangazo naomba mlipe uzito wake, kwa sababu apu nyingi za bure ambazo vijana wetu wanapakua zinakuja na tangazo la kubeti kila baada ya dakika mbili, kijana yuko kwenye Zaburi linamrukia la mkeka, hapa hakuna kitu kama hicho. Kiswahili kimo vizuri, kuna tafsiri ya Union Version ile ya 1952 tuliyolelewa nayo, kuna Habari Njema, kuna Neno, na unaweza kuziweka mbili ukazilinganisha. Menyu yenyewe nayo unaigeuza ikawa Kiswahili.

Faida yake ya kwanza kwenye kikundi ni kwamba kila mtu anasoma. Biblia za karatasi kwenye vikundi vingi hazitoshi, watu watatu wanachungulia moja, na yule wa pembeni hasomi anaangalia ukuta. Na kijana ambae Union Version inampiga chenga anafungua Habari Njema palepale kwenye sura ileile bila kumuuliza mtu, bila aibu, hilo limewasaidia sana wale wa form one na two na hata wale waliorudi kwenye Biblia baada ya muda mrefu. Mi napenda tusome kwa sauti kwenye Union Version, maana ule mdundo wake ni wetu, halafu mmoja asimulie tena kilichotokea kwa maneno ya mtaani, na wale wa Habari Njema wamsahihishe akiruka kitu. Mkifanya hivo hadithi inaingia.

Pakueni tafsiri mkiwa na waifai au bando la usiku, ukishajisajili kuna alama ya kupakua kwenye tafsiri zinazoruhusu, ukishafanya hivo husomi tena kwa MB. Sauti nayo ipo kwa baadhi ya tafsiri na ni tamu sana kwa wale wa bodaboda na wa vibanda vya miamala ambao mikono haina nafasi, ila hiyo inakula bando, wajue.

Sasa niende kwenye andiko la siku, maana hapa ndo pana utajiri na ndo pana shida.

Kila asubuhi apu inakuletea mstari mmoja, una picha nzuri nyuma, unabonyeza unaupeleka status. Chukua Yeremia 29:11, "maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Mstari huu kila kijana anaujua, ukipita status za vijana wiki ya matokeo ya form six au wiki ya majina ya mkopo wa chuo unaukuta kila mahali. Na wanausoma kama ahadi kwamba jibu liko njiani, labda ijumaa. Lakini bonyeza huo mstari, apu yenyewe inakupeleka kwenye sura nzima, ni kugusa mara moja tu, na ukiwa hapo panda juu kidogo. Hii ni barua. Yeremia anawaandikia watu waliochukuliwa mateka kwenda Babeli, na mstari wa 10, yani mmoja tu nyuma ya ule wa status, unasema miaka sabini. Sabini! Na sura ya 28 kuna nabii anaitwa Hanania alikuwa ameshawaahidi watu kwamba ni miaka miwili tu mambo yataisha, watu wakafurahi, na Yeremia anamwambia hujatumwa na Bwana, unawatumainisha watu uongo. Halafu ukirudi sura ya 29, mstari wa 5 na wa 6 Mungu anawaambia hao mateka wajenge nyumba, wapande bustani wale matunda yake, waoe na waolewe, na wa 7 wautakie amani mji huohuo uliowateka.

Hebu mpe hiyo kijana ambae amemaliza chuo na yuko nyumbani kwao anasubiri ajira. Mstari peke yake unamwambia subiri, linakuja. Sura nzima inamwambia panda bustani hapohapo ulipo, ishi, jenga, usimsikilize anaekuambia miaka miwili kwa sababu anakufurahisha masikio tu. Ni faraja ngumu zaidi lakini inakaa. Kwenye kikundi tulipoisoma hivo watu walianza kuongea vitu vya kweli, nani amekataa kibarua kwa sababu ana digrii, nani anaona aibu kufuga kuku, nani amechoka kuombewa "mwaka wako huu" kila Januari. Hakuna kati ya hayo yangetoka kwenye ule mstari mmoja wenye picha ya milima. Kwahiyo ushauri wangu, andiko la siku litumieni kama mlango tu, anaeliweka kwenye grupu la WhatsApp awe ameshasoma sura nzima na aandike chini yake sentensi mbili kwamba nani anaongea na nani, na kulikuwa na nini.

Mipango ya kusoma ndo iliyoinyima apu nyota ya tano. Niwe muwazi, wazo lenyewe zuri mno, mnaweza kuusoma mpango pamoja kama marafiki, kila siku kuna fundisho fupi na mistari, na mwisho kuna sehemu ya kujadili ambapo kila mtu anaandika. Kwa vijana wa chuo waliotawanyika, mmoja Mbeya mmoja Dodoma, hiyo inawashikanisha wakiwa mbali. Ila mipango ya Kiswahili ni michache ukilinganisha na ya Kiingereza, na mingi imetafsiriwa, na anaeiandika anawaza kijana mwingine kabisa, kijana mwenye chumba chake na gari la kwenda shule na mshauri wa shule wa kumwelezea hofu zake. Sio dhambi, kila mtu anaandika kwa watu wake. Lakini hadithi ya Daudi na Goliathi ikishaishia kwenye "Goliathi wako ni nini, ni woga wa mtihani?" tumepoteza vitu vingi sana. Tumepoteza Eliabu kaka mkubwa anaemfokea Daudi 1 Samweli 17:28, amemwachia nani wale kondoo wachache, na kila nyumba ya Kiswahili ina Eliabu. Tumepoteza zile silaha za Sauli ambazo kijana anazivua kwa sababu hajazizoea, na hapo tu kuna jioni nzima ya mazungumzo na kijana anaelazimishwa kusomea kitu ambacho wazazi wamechagua.

Kingine, fundisho la dakika tatu linakimbilia maombi na matumizi kabla hadithi haijaisha. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Samweli, 1 Samweli sura ya 3. Vijana wote tangu Sunday school wanajua usiku ule, mtoto anaitwa, anakimbia kwa Eli, mara tatu, halafu anafundishwa kusema nena kwa kuwa mtumishi wako anasikia. Amen, tufunge, ujumbe ni tusikilize sauti ya Mungu. Huo ni mstari wa 10. Sura haijafika hata nusu. Kuanzia wa 11 Mungu ananena kweli, na anachosema ni hukumu juu ya nyumba ya Eli, mzee huyohuyo aliemlea Samweli, kwa sababu wanae walikuwa wanafanya uovu hekaluni na yeye alijua na hakuwazuia. Rudi sura ya 2 uone uovu gani, wanachukua nyama ya sadaka kwa nguvu, wanalala na wanawake waliokuwa wanahudumu mlangoni. Na Samweli analala mpaka asubuhi, anafungua milango ya nyumba ya Bwana kama kazi yake ya kila siku, na Biblia inasema aliogopa kumwambia Eli.

Hapo ndo kijana wetu alipo wapendwa. Kijana mweka hazina wa umoja wa vijana ambae ameona hela ya kambi ya Pasaka imeenda kusikojulikana na aliechukua ni mtu mzima anaemheshimu. Binti wa kwaya ambae anajua kitu kuhusu mwalimu. Kijana dukani ambae bosi wake ndo aliempokea mjini akamlipia na kodi, na sasa anamwona anapunguza vipimo. Hawa wote wamefundishwa kwamba Samweli ni hadithi ya mtoto mtiifu wa usiku, hakuna aliewaambia kwamba ni hadithi ya mtoto alieambiwa ukweli mzito kuhusu mlezi wake na ilibidi auseme asubuhi, na akausema wote hakumficha neno. Na pia kwamba Eli mwenyewe ndo aliemwita akamwambia usinifiche, alikubali kusikia. Hiyo sehemu ni yetu walezi. Tukiisoma na vijana lazima tukae tayari kuwa Eli wa mstari wa 17, tuulize na tusikilize hata kama jina linalotajwa ni la rafiki yetu, na kama ni jambo la mtoto kuumizwa lisiishie kwenye maombi, lifike kwa wazazi, ustawi wa jamii na dawati la jinsia polisi.

Hakuna apu itakayokuandikia hilo. Na nadhani haipaswi. Mtu wa Oklahoma hawezi kujua kwaya yenu.

Kuna ile hesabu ya siku mfululizo ulizofungua apu, vijana wanaipenda kweli, wanaoneshana. Kwa mtu anaejenga tabia ya kusoma ni msaada. Ila mlezi usiitumie kupima nani yuko kiroho, maana mtu anaweza kugusa mstari mmoja saa tano na dakika hamsini usiku ili namba isikatike na hajui amesoma nini. Muulize asimulie.

Kuhusu wasio na simu janja, maana wapo, na wa kitochi wapo wengi kuliko tunavyojifanya: msiruhusu kikundi kigawanyike. Wakae wawili wawili, mwenye simu ndo anaesoma, asiyekuwa nayo ndo anaesimulia kwa wote. Na Biblia za karatasi zibaki mezani, kwa sababu ukitaka kuona hadithi ndefu kama ya Yusufu, kuanzia Mwanzo 37 mpaka 50, karatasi inakuonesha urefu wake, unaona ameuzwa ana miaka kumi na saba na amesimama mbele ya Farao ana thelathini, miaka kumi na mitatu katikati, na unafika mpaka sura ya 47 ambapo Yusufu huyohuyo kwenye njaa anachukua fedha za watu, kisha mifugo, kisha mashamba yao kwa ajili ya Farao. Vijana wakifika hapo wanashtuka na wanauliza maswali makali kuhusu mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, na watu wanaotajirika wakati wa shida, na mi nafurahi waulize kanisani kuliko kwingine.

Kwa mlezi anaeanza leo na apu hii, pakua Union Version na Habari Njema, anza na Ruthu. Sura nne tu, Jumamosi nne, sura moja kila jioni isomwe yote kwa sauti. Usiwape mpango wowote. Jumamosi ya pili mkifika kwenye binti mgeni anaeokota masuke nyuma ya wavunaji ili yeye na mama mkwe wake wale, na Boazi anawaambia vijana wake wasimguse, waulize wale waliowahi kuwa vibarua, au waliotoka mkoani kuja kufanya kazi za ndani, nani aliwaambia watu wasiwaguse. Halafu nyamaza, waongee wao.