Mkanda wa Kifuani, wa Mkononi au Saa? Kipi Ununue Kupima Mapigo ya Moyo kwenye Baiskeli ya Ndani

Mvua zikishaanza Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, barabara ya Mbeya–Tunduma hubaki ya malori na matope, na baiskeli nyingi za mazoezi huhamia ndani, zikafungwa sebuleni au barazani kwenye treina, yaani kifaa kinachoshikilia gurudumu la nyuma ili ukanyage bila kusogea. Msimu huo swali ni lile lile: saa ninayo, mapigo ya moyo inayaonesha vizuri, mbona programu ya mazoezi kwenye simu haiyaoni?

Haiyaoni kwa sababu kupima ni kazi moja na kutangaza ni nyingine. Saa nyingi hupima, kisha huyapeleka mapigo kwenye programu ya kampuni yake tu. Ili programu ya baiskeli iyapokee, kifaa lazima kiyarushe hewani kwa mfumo wa wazi, ama Bluetooth ama ANT+, mfumo wa redio wa vifaa vya michezo. Bluetooth ipo kwenye kila simu ya kisasa. ANT+ haipo kwenye iPhone wala kwenye simu nyingi za Android zinazouzwa sasa, na kompyuta huhitaji kipokezi cha USB ili iisikie. Mwenye simu tu aangalie Bluetooth kwanza, ANT+ iwe nyongeza.

Na kwa nini tuhangaike na mapigo wakati kuna wati, kipimo cha nguvu unayokanyagia pedali? Treina zinazopima wati zenyewe ni ghali, nzito, na nyingi zinataka umeme wa ukutani. Kwenye treina ya kawaida ya rola inayokazwa dhidi ya tairi, wati unazoziona zinakisiwa kutokana na kasi ya gurudumu. Upepo wa tairi ukipungua, au ukikaza rola nusu mzunguko kuliko jana, namba inabadilika ilhali miguu inafanya kazi ile ile. Kwa vifaa vya bei ya chini, mapigo ndiyo kipimo cha kuaminika kuliko vyote ulivyonavyo, kwa hiyo hapo ndipo pesa iende.

Jaribio la dukani

Hili lifanye kabla ya kulipa, iwe Mwanjelwa mjini Mbeya, iwe Miyomboni mjini Iringa. Pakua nRF Connect, programu ya bure ya simu. Vaa kifaa, washa utangazaji wake, kisha bonyeza kutafuta. Kifaa kinachotangaza kweli kitaonesha huduma ya Heart Rate, namba 0x180D. Kihisi cha kasi au cha mizunguko ya pedali kitaonesha 0x1816. Namba hiyo isipoonekana, hata muuzaji aape vipi, rudisha. Ukiagiza Kariakoo kwa basi, omba utumiwe video ya ukurasa huo kabla hujatuma hela.

Kisha pima ukweli wa namba. Shika mshipa wa shingoni, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Panda ngazi kwa kasi, hesabu tena. Tofauti na kifaa ikizidi mapigo 5 au 6 mara zote mbili, achana nacho. Usiridhike kwamba kinatoa namba tu: vihisi vya mwanga, vinavyosoma damu kwa kumulika ngozi, hata vya saa halisi, vinaweza kutoa namba vikifungwa kwenye taulo lililokunjwa.

Nafasi ya kwanza: mkanda wa kifuani

Huu husoma umeme wa moyo wenyewe, kwa hiyo baridi ya Makete wala namna unavyoshika usukani havimsumbui mvaaji. Ukiongeza nguvu ghafla, namba inafuata ndani ya sekunde chache. Coospo H6 na Magene H64 zinatangaza kwa Bluetooth na ANT+ kwa pamoja, na bei yake huko nje ni kati ya dola 25 na 40 kabla ya usafiri na kodi. Kwa watu wengi, utafutaji uishie hapo.

Polar H9 na H10 zina mkanda wa kitambaa bora zaidi. H10 inaruhusu vifaa viwili vya Bluetooth kwa wakati mmoja, yaani saa irekodi na simu ipokee. H9 inaruhusu kimoja. Tofauti hiyo ndiyo sababu pekee ya maana ya kulipa takriban dola 100 za H10 kama unaendesha ndani tu. Kama husafirishi mapigo sehemu mbili, ni anasa.

Angalia na betri. Coospo na Magene hutumia CR2032, ambayo fundi saa yeyote anayo. Polar hizi hutumia CR2025. Zote zina kipenyo cha milimita 20, lakini ya kwanza ina unene wa milimita 3.2 na ya pili 2.5. Ukiweka 2025 mahali pa 2032 itagusa na kuachia, nawe utadhani kifaa kimekufa. Betri mpya ipimwe kwa mita: chini ya volti 3.0, usinunue.

Kinachosumbua mkanda ni ukavu. Juni hadi Agosti hewa ya huku ni baridi na kavu, jasho linachelewa, na dakika kumi za kwanza mkanda unaweza kuruka hadi 200 au kushuka ghafla. Loanisha sehemu mbili za kugusa ngozi kwa maji kabla ya kuvaa, uukaze chini kidogo ya kifua kiasi cha kutoteleza ukivuta pumzi ndefu, na usivae fulana ya nailoni iliyolegea juu yake, kwa maana msuguano wake huzalisha umeme tuli. Ukimaliza, chomoa kidude cha kihisi kutoka kwenye mkanda. Ukiuacha umeunganishwa ukiwa na jasho, kinaendelea kuwaka usiku kucha. Mkanda wenyewe suuza kwa maji kila siku, na mara moja kwa wiki kwa sabuni laini. Chumvi ya jasho ndiyo inayoua mikanda.

Nafasi ya pili: mkanda wa mkononi

Polar Verity Sense, Coospo HW807 na wenzao hutumia mwanga kama saa, ila hufungwa juu au chini ya kiwiko, penye nyama nyingi na mifupa michache. Kwenye baiskeli tofauti ni kubwa: kifundo cha mkono kinakunjwa unaposhika usukani, mkono wa juu hautikisiki. Huu ndio chaguo la wanaokerwa na kubanwa kifuani. Unachajiwa, kwa hiyo ujaze mapema. Umeme ukikatika jioni ya mazoezi huwezi kukimbilia kwa fundi saa.

Nafasi ya tatu: saa uliyonayo

Kama unayo tayari, anza na hii kabla hujatoa hata senti. Garmin nyingi zina kipengele cha "Broadcast Heart Rate" ndani ya mipangilio ya mapigo. Zile za miaka ya nyuma, kama Forerunner 235, hutangaza kwa ANT+ tu, ndiyo maana simu haizioni. Saa kadhaa za Huawei zina "HR Data Broadcasts", na Coros na Amazfit nazo zina modeli zinazotangaza kwa Bluetooth.

Kwa mazoezi ya mwendo ule ule wa dakika 40, saa inatosha kabisa. Kwenye vipande vya sekunde 30 kwa nguvu zote inachelewa, na kipande kinaweza kuisha kabla namba haijapanda. Isogeze vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo, ikaze tundu moja zaidi ya kawaida, na baridi ikizidi vaa mikono mirefu kwa dakika kumi za kupasha mwili. Mishipa ya ngozi ikijibana kwa baridi, mwanga hauna cha kusoma.

Jambo linalowachanganya wengi: saa nyingi hutangaza mapigo ya kifundoni tu. Ukiiunganisha na mkanda wa kifuani, haitayapitisha mapigo ya mkanda kwenda kwenye simu. Unganisha mkanda moja kwa moja na programu.

Usinunue kwa kazi hii

Saa mpya ya michezo, kama lengo ni treina peke yake. Pesa hiyo inanunua mkanda, kihisi cha pedali na feni, na chenji inabaki. Apple Watch na Samsung nazo hazitangazi kwa mfumo wa wazi bila programu ya pembeni, na mnyororo wa vifaa na programu ukirefuka, kukatika kunaongezeka. Bangili za bei poa zisizo na kipengele cha kutangaza ziache kabisa.

Kuunganisha na kinachoharibika

Kihisi cha kasi hufungwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, cha pedali kwenye krenki (mkono wa pedali) ya kushoto upande wa ndani. Vingi vya bei nafuu, kama Magene S3+, ni kimoja chenye kazi mbili: unabadilisha kwa kutoa na kurudisha betri, na rangi ya taa inakuambia kiko upande gani. Hakifanyi kazi zote mbili kwa pamoja, nunua viwili. Mzunguko wa tairi upime mwenyewe: weka alama ya chaki, kaa juu ya baiskeli, isogeze mzunguko mmoja, pima sakafuni. Tairi ya 26×1.95 huwa karibu milimita 2,050.

Usiunganishe kihisi kupitia mipangilio ya Bluetooth ya simu. Fungua programu ya mazoezi, kiunganishe humo. Kifaa chenye nafasi moja ya Bluetooth kikishikwa na simu, kompyuta haitakiona mpaka uzime Bluetooth ya simu. Kwenye Android 11 kurudi nyuma, washa pia huduma ya mahali ulipo (Location), la sivyo utafutaji hauoneshi kitu.

Mapigo yakikatikakatika kwenye kompyuta, chomeka kipokezi cha ANT+ kwa waya wa USB wa mita moja au mbili ukilete karibu na gurudumu la mbele, mbali na tundu la USB 3.0 na ruta ya Wi-Fi. Mwili wa binadamu huzuia mawimbi haya, kwa hiyo kipokezi kikae mbele yako, si nyuma.

Mapigo yakipanda polepole kwa mwendo ule ule, kifaa ni kizima: ni joto. Feni ikizimika, mapigo 10 zaidi si ajabu. Aliyehamia Mbeya kutoka Dar es Salaam naye ataona namba za juu wiki za mwanzo; mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari.

Na kama saa inarekodi huku programu nayo inarekodi, zoezi moja litaonekana mara mbili kwenye Strava, programu ya kuhifadhi mazoezi. Iache saa itangaze bila kuanzisha zoezi, ikiwa modeli yako inaruhusu, au futa rekodi ya saa ubaki na ya programu, ambayo ina kasi na pedali ndani yake.