Karatasi ya darasa la nne iliyotufikisha makorongoni: uzoefu wangu wa Zion, Bryce na Grand Canyon

Kiingilio ndicho nilichokipigia hesabu kwanza, maana tulikuwa watu sita: mimi na mume wangu, watoto watatu, na mama mkwe aliyekuja kutoka Muheza kutukalia miezi mitatu. Hifadhi ya Zion huko Utah dola 35 kwa gari, Bryce Canyon ya hukohuko Utah dola 35, Grand Canyon ya Arizona dola 35. Hapo ni 105 na hujanunua hata maji. Kadi ya mwaka inayofungua hifadhi zote za taifa za Marekani ilikuwa dola 80, nami nilishaamua kuinunua, mpaka dada mmoja wa Mombasa tunayeswali naye hapa Minnesota aliponiuliza, "Huyu wako wa kati si yuko darasa la nne?"

Kumbe kuna mpango wa serikali uitwao Every Kid Outdoors. Mtoto wa darasa la nne anaingia bure hifadhi zote za taifa, na gari alilopanda linaingia naye, na wote waliomo. Kibali chake kinaanza tarehe 1 Septemba anapoingia darasa hilo na kuisha 31 Agosti ya mwaka unaofuata, kwa hiyo likizo ndefu ya kiangazi baada ya kufunga shule bado imo. Mwaka wetu, 2025, mtoto alijibu maswali machache mtandaoni, kisha tukachapa karatasi. Wakati huo ilibidi kuichapa kweli, kwani picha ya kwenye simu haikupokelewa. Getini Zion mhifadhi aliinama dirishani, akaichukua ile karatasi, akatoa kadi ngumu na kumkabidhi mwanangu mwenyewe mkononi, si baba yake aliyekuwa kwenye usukani. Tangu hapo kila geti ni yeye aliyekuwa akiingiza familia. Kwa huduma hii sina la kupunguza, natoa nyota tano.

Wenye wageni kutoka nyumbani mwaka huu, angalieni. Sisi tulikwenda Juni 2025 na mama alipita bila swali. Tangu Januari 2026 wasio wakazi wa Marekani wana bei yao: kadi ya mwaka ni dola 250, na asiye na kadi anaongezewa dola 100 katika hifadhi 11 zinazotembelewa sana, na hizi tatu zote zimo. Someni masharti yote kabla ya kumkatia bibi tiketi ya ndege.

Swali la pili lilikuwa mwezi. Watoto wanafunga shule Juni na kufungua mwanzo wa Septemba, basi ni kuchagua kati ya jua na maji. Juni ni kavu na jua linachoma. Kuanzia kama katikati ya Julai zinaingia mvua za radi, na mvua ya jangwani hainywewi na ardhi kama ya kwetu. Inateleza juu ya mwamba mtupu na kushuka korongoni yote kwa pamoja, hata kama juu ya kichwa chako mbingu ni nyeupe. Agosti 12, 1997 maji ya namna hiyo yaliua watalii 11 ndani ya Antelope Canyon, korongo jembamba la Arizona, na mvua yenyewe ilikuwa imenyesha mbali. Nilipolisoma hilo nikachagua joto. Joto unaweza kulipangia saa.

Na ndivyo tulivyofanya: safari yote tukaijenga juu ya alfajiri. Ukishaswali hurudi kitandani. Saa kumi na mbili asubuhi tuko njiani, saa nne tumerudi kivulini, mchana ni kulala, kupika na kuendesha gari kwenye kiyoyozi, halafu saa kumi na moja jioni tunatoka tena. Wahifadhi wa Grand Canyon wanasema hivyohivyo: wakati wa kiangazi usitembee ndani ya korongo kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri.

Jambo la gari limenibakia moyoni. Tulishukia Las Vegas, ambako joto siku hiyo lilipita nyuzijoto 40. Miezi minne kabla nilikuwa nimeweka nafasi ya gari la viti saba lenye sehemu ya mizigo. Kaunta ya kampuni ya kukodisha (sitaitaja) wakatuambia yameisha, wakatupa gari ambalo ukikalia viti vya nyuma, mizigo haina pa kukaa. Tulisimama pale saa mbili na nusu, mama akiwa amekalia sanduku, miguu imeanza kuvimba. Mwishowe walipata gari jingine, lakini hakuna aliyesema pole. Kilichoniuma ni lile neno pole, kwa mtu mzima aliyekaa pale anawatazama. Siku hizi napiga simu siku moja kabla na kuomba jina la ninayezungumza naye. Kabla ya kutoka mjini tulinunua nyama halali, unga wa chapati, boksi kubwa la barafu na madumu ya maji, maana miji iliyoko mbele ni midogo na yenye nyama halali ni ya kubahatisha.

Kutoka Las Vegas, Zion iko kama saa mbili na nusu hadi tatu kwa gari. Wakati wa msimu huruhusiwi kuingiza gari lako ndani ya korongo lenyewe, unapanda basi la hifadhi, ni la bure na ni la umeme, halina kelele. Nilidhani ni usumbufu, nikakuta ndiyo raha. Dereva anatangaza kila kituo, mama anakaa dirishani, hakuna ugomvi wa kutafuta maegesho. Ila kama hujaliacha gari lako mapema karibu na lango, utalizungushia mji wa Springdale mpaka uchoke.

Tulishuka kituo cha mwisho na kufuata njia iitwayo Riverside Walk. Kwenda na kurudi ni kama kilomita tatu na nusu, imesakafiwa, na mama mwenye magoti yake ya miaka 68 aliimaliza kwa fimbo na kupumzika mara nne. Kuta zinapanda mamia ya mita pande zote mbili, na kwenye ukuta wa mchanga uliogeuka jiwe maji yanachuruzika yenyewe, yameota majani laini ya kijani yanayoning'inia. Mama aliweka kiganja pale, akanawa uso. "Maji haya ni ya barafu," akasema. Njia inapoisha mto unaanza, na wanaotaka Narrows, sehemu ambayo korongo linabana, wanaingia majini na kuufuata kwa miguu. Watoto waliingia hadi magotini tu. Kwenye ubao wa wahifadhi kuna makadirio ya hatari ya mafuriko kwa siku hiyo, na onyo kwamba mto una vijidudu vinavyotoa sumu, kwa hiyo usizamishe kichwa wala usinywe. Mawe ya chini ni ya mviringo na yanateleza kama yamepakwa sabuni. Kandambili hazifai hata kidogo, viatu viwe vya kufunga.

Angels Landing, njia ya kupanda mwamba mrefu hapohapo Zion, hatukwenda. Tangu 2022 unaomba kibali kwa bahati nasibu, na ile minyororo ya juu sioni kama ni ya mtoto wa miaka saba.

Bryce nitaisema kwa ufupi ingawa ndiyo iliyonitoa machozi. Ukingo wake uko kati ya mita 2,400 na 2,700, juu kuliko Lushoto kwa mbali, na usiku wa Juni tulivaa masweta. Chini yako kuna maelfu ya nguzo za mawe mekundu na ya pinki, zimesimama kama umati uliokuja mazishini. Maji yanaingia kwenye nyufa, usiku yanaganda na kuupanua mwamba, mchana yanayeyuka, zaidi ya usiku 170 kwa mwaka. Wapaiute, wenyeji wa hapo, wanasimulia kwamba ni watu waliogeuzwa mawe na Coyote, mnyama mjanja wa hadithi zao, kwa makosa yao. Nilimtafsiria mama. Alinyamaza sana, kisha akaniambia kwao walikatazwa kupiga kelele kwenye mapango ya Amboni, na hapa pia hatapiga kelele.

Antelope Canyon ni ardhi ya Wanavajo, nao ni wenyeji wa asili, huingii bila kiongozi wao, na kadi ya hifadhi haitumiki. Makorongo yenyewe ni mawili. Lile la chini lina ngazi za chuma za kusimama wima. Mwenye mzee au mtoto mchanga achague la juu, chini yake ni tambarare. Na saa zenu msiziachie simu. Arizona haisogezi saa mbele kiangazi, Utah inasogeza, na ardhi ya Navajo nayo inasogeza ingawa iko ndani ya Arizona, kwa hiyo simu inarukaruka kufuata mnara inaoukamata. Ziara zinafuata saa ya Arizona. Sisi tulifika saa nzima kabla ya wakati, tukakaa juani na watoto.

Grand Canyon tulilala Tusayan, mji mdogo nje ya lango la kusini. Hoteli za ndani zinafunguliwa kuwekewa nafasi miezi 13 kabla, na mimi nilianza Januari, kwa hiyo nilikuta zimejaa. Anayezitaka aanze mwaka mzima kabla.

Hapa ndipo nataka wenzangu wa kwetu wanisikilize. Sisi tumezoea mlima. Mume wangu amewahi kupanda Kilimanjaro hadi kituo cha Mandara akiwa shule, na anajua kwamba mlimani ukichoka unageuza, na njia ya kurudi ni mteremko. Korongo ni kinyume chake. Unaanza na mteremko ukiwa na nguvu, upepo wa asubuhi ni mzuri, miguu inajiendea yenyewe, na ukija kuchoka ndiyo kwanza mlima unaanza, jua nalo limeshapanda. Tena kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyozidi. Ukingo wa kusini uko kama mita 2,100 na hewa yake ni nzuri. Chini mtoni kiangazi joto hupita nyuzijoto 40. Vibao vimesimamishwa njiani kukataza watu wasijaribu kushuka mpaka mto Colorado na kurudi siku moja.

Tulichukua njia ya South Kaibab hadi mahali paitwapo Ooh Aah Point, haifiki kilomita moja na nusu kwenda. Gari lako huruhusiwi kulifikisha mwanzo wa njia, unapanda basi la hifadhi, na njiani hakuna maji wala kivuli cha maana. Kushuka tulitumia dakika 25. Binti yangu mkubwa alikuwa mbele, vumbi jekundu limempanda hadi magotini, na alipofika akasema tuendelee, mbona ni rahisi. Baba yake akamwambia, "Geuka, uniambie ulikotoka uko wapi." Akainua macho, akainua tena. Hakuongea. Kupanda kulituchukua karibu saa nzima, na wahifadhi walishatuambia tuhesabu mara mbili ya muda wa kushuka.

Kwenye kona moja tulimkuta kijana amekaa ameegemea ukuta, chupa yake ya nusu lita imekauka, uso umepauka. Ilikuwa haijafika hata saa tatu. Tulimpa maji, na mume wangu akamtolea karanga za chumvi na tende. Maji matupu hayatoshi kwa mtu anayetoka jasho namna ile, mwili unahitaji chumvi; sisi kila mmoja alikuwa na pakiti ya ORS mfukoni. Alipopata rangi tukapanda naye polepole hadi kituo cha basi.

Mama hakushuka. Alibaki na mwanetu mdogo ukingoni, Mather Point, ambako njia ni ya lami na unaweza hata kusukuma kiti cha magurudumu. Tulipowarudia tukawakuta wamechukua vile vitabu vya Junior Ranger, ambavyo mtoto anajaza, anakagua mawe na mimea, kisha anakula kiapo na kupewa beji bure. Mhifadhi aliwaambia watoto wainue mkono wa kulia. Mama mkwe wangu, na kanga yake begani, akainua wake. Mhifadhi hakucheka. Alimgeukia, akasoma kiapo upya taratibu, mimi nikitafsiri sentensi kwa sentensi: nitaitunza, nitajifunza, nitawafundisha wengine. Akapewa beji yake.

Siku chache baada ya sisi kuondoka radi iliwasha moto upande wa kaskazini, na Julai hiyohiyo ile hoteli kongwe ya ukingo wa kaskazini iliteketea. Niliumia kama ni mahali pangu. Upande wa kusini tuliokaa sisi haukuguswa.

Mdogo wetu ataingia darasa la nne baada ya miaka miwili, na mama ameshasema atarudi. Nimemweleza juu ya Capitol Reef, iliyo hukohuko Utah, ambako katikati ya miamba myekundu kuna mashamba ya miti ya matunda, pichi na tufaha na cheri, iliyoanza kupandwa na walowezi wa Kimormoni karne ya 19. Yakiiva, unaruhusiwa kuchuma na kula humohumo bila kulipa, unalipia unayobeba. Mama ana machungwa yake Muheza, kwa hiyo swali lake lilikuwa moja tu, na amenipigia simu mara mbili kuliuliza: jangwani pale, maji ya kumwagilia wanayatoa wapi? Nimemwambia kuna mto mdogo, Fremont, na mifereji. Anataka kuiona hiyo mifereji.