Mwaka wa pili na programu ya stoo, na ile "hitilafu ya bandari"

Natunza hesabu kwenye duka la jumla hapa Mwanga, Kigoma. Tunatumia programu moja ya biashara yenye mauzo, stoo na madeni pamoja. Jina naliacha, maana nina ugomvi nao.

Mazuri yake niyaseme upesi. Keshia akiuza, stoo inajipunguza yenyewe. Anayedaiwa anaonekana kwa jina na tarehe. Ripoti ya mwezi, iliyokuwa ikinikeshesha na kalkuleta, sasa naitoa nikiwa nakunywa chai.

Ugomvi wangu ni ujumbe mmoja. Siku umeme ulipokatika ukarudi, kompyuta zote mbili za kaunta ziligoma, kioo kimeandikwa: "Hitilafu ya bandari ya mawasiliano." Basi, hakuna jingine. Hajati, mwenye duka, akausoma kwa sauti, akanigeukia: "Mwanangu, bandarini kuna nini? Mzigo wetu umezuiliwa?" Simlaumu. Kwa mtu wa Kigoma bandari ni pale zinapofunga meli kama Liemba. Wangeandika "poti" tu tungeelewana: ni namba ya mlango ambao programu inasikilizia ndani ya seva, yaani kompyuta kuu inayotunza data za duka. Tena wangeitaja hiyo namba, ningeokoa wiki nzima.

Nikawapigia watu wa huduma, ambao tunawalipa kwa mwaka. Zima uwashe. Nikazima, nikawasha. Futa programu uiweke upya. Nikafuta, nikaweka, huku wateja wanaowahi boti za Kibirizi wamesimama na orodha zao mkononi na keshia anaandika kwenye daftari. Mchana ikakubali. Baada ya siku chache umeme ukakatika tena, na bandari ikafungwa tena.

Safari hiyo sikumpigia mtu. Nilianza na ping, amri ya kupima kama kompyuta moja inaifikia nyingine, kutoka kaunta kwenda seva: inajibu, kwa hiyo kebo na swichi ni nzima. Nikaenda kwenye seva, nikaandika netstat -ano, inayoorodhesha poti zinazosikiliza na namba ya programu inayoshika kila moja. Hapo ndipo nilipomkamata. Hifadhidata yetu ni SQL Server Express, na kwa kawaida yake hiyo haina poti ya kudumu, inajichagulia. Ikiwashwa upya hujaribu kurudi kwenye ile ya zamani, ikikuta imekaliwa inahamia nyingine. Fundi aliyetufungia alikuwa ameandika kwenye mipangilio ya kompyuta za kaunta namba aliyoikuta siku ile, ya elfu arobaini na tisa na kitu, akaondoka. Ndiyo maana tatizo lilikuwa linakuja na kwenda kama homa ya vipindi: siku nyingine hifadhidata inarudi mlango uleule, siku nyingine inahama na kaunta zinabaki zinabisha hodi kwenye nyumba tupu.

Dawa yake haikuzidi nusu saa. Kwenye mipangilio ya mtandao (TCP/IP) ya SQL Server, sehemu ya IPAll, nilifuta namba ya poti inayobadilika, nikaandika 1433 kwenye poti ya kudumu, nikaiwasha upya huduma yake. Kaunta nazo nikazibadilishia namba. Bado zikagoma! Nilisahau fayawoli ya Windows, ule ulinzi unaozuia mawasiliano yasiyoruhusiwa. Nikairuhusu 1433, kwa mtandao wa ndani ya duka tu. Usiifungue kwa intaneti nzima, na usiizime fayawoli kama nilivyoelekezwa kwenye simu.

Programu naipa nyota nne, huduma yao moja. Mwaka huu leseni nimelipia, mkataba wa huduma nimeuacha. Umeme umeshakatika mara nyingi tangu hapo, na kaunta zinaamka bila kusumbua mtu. Ila Hajati akiniona tu nimeinamia seva, lazima aulize kama bandari imefunguliwa.