Una mbwa na watoto, unataka paka? Hawa ndo ningewachukua, kwa mpangilio

Wiki hizi za likizo nimeulizwa hili swali mara nyingi mno, skuli zimefungwa watoto wanalilia paka, uani kuna mbwa wa kulinda geti, na mama mtu anawaza huyu paka si ataumwa siku ya kwanza ama mtoto aparurwe jicho. Mi nakaa Kisauni, Mombasa, nina watoto wawili na mbwa mkubwa anaitwa Simba, nimefuga paka watatu mpaka kumpata mmoja wa kuelewana na wote.

Kabla hujauliza rangi na manyoya, uliza amekulia wapi. Kipaka akiwa na wiki 2 mpaka 7 hivi ndo anajua nani mwenzake nani adui. Akishikwashikwa na watu, akazoea kelele za watoto na mbwa anayepita bila kumfanya kitu, hayo yanakuwa kawaida yake. Muda huo ukipita bado anafundishika lakini ni kazi.

Namba moja kwangu ni paka mzima, wa mwaka 1 kwenda 3, ambaye ashaishi nyumba yenye mbwa na watoto. Najua watoto wanataka kale kadogo, lakini kipaka hujui atatoka vipi, huyu mzima unamuona mwenyewe. Watu wanahama kila siku, mtu kapata kazi Saudia paka hawezi kubeba, na wengi wetu huku Pwani tunaona vibaya kuuza paka, kwa hivo utapewa bure ama utaambiwa lipa ya chanjo tu. Nenda umuone kwao mbwa akiwepo. Mbwa akipita na paka akaangalia tu kisha akaendelea kujilamba, mchukue. Akiruka juu ya friji mkia umevimba, shukuru mwenye nyumba uende zako. Paka anayetimua mbio ndo anamwamsha mbwa kufukuza, hata mbwa mpole. Wangu wa sasa nilimpata hivo, dume la rangi ya chungwa, ashahasiwa, mwezi wa pili nikamkuta amelala ubavuni mwa Simba barazani, na mwanangu mdogo akimshika mkia yeye huinuka akaondoka zake, haparuri. Mashallah.

Namba mbili, kipaka wa kwa jirani, mama yake mpole na nyumba ina mbwa. Baba akijulikana muulizie pia, watoto wa dume jasiri huwa hawaogopi watu ovyo. Usimchukue kabla ya wiki 8, ukingoja 12 ni bora zaidi, manake kwa mama na nduguze ndo anafundishwa kucheza bila kuuma kwa nguvu.

Tatu ni Ragdoll na Maine Coon, aina mbili za paka wakubwa wa manyoya marefu kutoka Marekani, kama mfuko unaruhusu na umempata kweli. Ragdoll alizalishwa California miaka ya 1960 akichaguliwa kwa upole, ukimbeba analegea mikononi. Maine Coon dume anafika kilo 8, mbwa hamtishi kirahisi. Lakini manyoya yale na joto letu la Februari, utachana kila siku na feni isizimwe.

Nne, Sokoke, na huyu ni wetu kabisa, katoka msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, mama mmoja mwenye shamba huko, Jeni Slater, aliwaokota vipaka wa aina hii 1978. Anapenda watu wake ila ni wa kupanda na kuruka, hafai nyumba ndogo.

Persian namweka tano, na nina uchungu naye. Nilimnunua kwa muuzaji aliyeniapia kafika miezi miwili, daktari kuangalia meno akasema hata wiki tano hajafika. Alijificha chini ya kitanda siku nyingi, watoto wakimvuta anauma. Si kosa lake, alitolewa kwa mama mapema. Na ile pua ya kubonyea inampa taabu ya kupumua kukiwa na joto.

Mwisho kabisa ni paka mkubwa wa sokoni Marikiti au wa kwa wavuvi ambaye hajawahi kushikwa. Mpe samaki, changa pesa ahasiwe, mpende akiwa kwake, lakini ukimfungia ndani na mbwa unamtesa.

Ukishamleta, mpe chumba chake siku kadhaa. Mfute kwa kitambaa umpelekee mbwa anuse, na cha mbwa umpelekee yeye. Siku ya kukutana mbwa awe na kamba na paka awe na pa kupanda, kabati ama rafu. Sahani yake weka juu, mbwa atamalizia chakula chote. Watoto wa chini ya miaka 5 usiwaache naye peke yao.

Na hili shikeni sana: dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin usimpake paka hata tone, inaua, na ukimpaka mbwa watenganishe mpaka ikauke kabisa. Panadol pia ni sumu kwake, hata kipande. Chanjo ya kichaa cha mbwa wapate wote wawili, paka kuanzia miezi 3. Mtoto akiumwa au akiparurwa na mnyama usiyejua kama kachanjwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho.