TAHADHARI: Muuza kamera za filamu anayesema yuko Tabora. Someni kabla hamjatuma hela

Ndugu zangu wapiga picha, habari zenu. Naandika nikiwa Mwanga, Kigoma. Kuna mtu anauza kamera na lenzi zilizotumika, anasema yuko Tabora jirani na stesheni, mzigo anatuma kwa basi. Mpaka leo nawajua watu watatu aliowaliza, nami ni mmoja wao. Jina na namba yake siandiki hapa. Jalada liko polisi, na laini aliyopokelea hela yangu huenda imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiye na habari yoyote. Nitaeleza anavyofanya, mtamtambua wenyewe.

Mimi napiga picha kwa kupenda tu, si kazi yangu. Miaka kadhaa nimekuwa na kamera ya dijitali ya Nikon D7000, na nilitamani kujaribu filamu kwa kamera itakayoshirikiana nayo lenzi. Nikon hawajabadili mdomo wa kufungia lenzi za kamera hizi tangu 1959, kwa hiyo lenzi ya 50mm f/1.8D inaingia kwenye FM2 ya filamu na inaingia kwenye D7000, tena kwenye D7000 inafokasi yenyewe kwa sababu mota imo ndani ya kamera. Ni lenzi moja ya kazi mbili, na ndiyo hesabu niliyokuwa nayo kichwani nilipoona tangazo lake: FM2, lenzi hiyo ya 50mm, na mikanda mitano ya Ilford HP5, filamu ya nyeusi na nyeupe, vyote kwa 680,000.

Tulizungumza wiki nzima, na hapa ndipo naomba muwe makini. Mtu huyu anazijua kamera. Aliniambia FM2 ilitoka 1982, inafika kasi ya 1/4000 ya sekunde, na shata yake (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) inafanya kazi hata bila betri kwa kuwa betri ni ya kipima mwanga tu. Yote hayo ni kweli. Akaniambia, "Kaka, dijitali inakupa picha, filamu inakufundisha kupiga." Nilifurahi kumpata mtu wa kuzungumza naye mambo haya, maana hapa mjini hatuko wengi. Nilimwamini kwa sababu kila alichosema nilipokihakiki nilikikuta sahihi. Alichosema kuhusu kamera za aina ile kilikuwa sahihi, ila kuhusu ile aliyoishika mkononi alinidanganya.

Masharti yake yalikuwa haya: nitume 400,000, yeye apeleke mzigo ofisi ya basi. Mzigo ukifika Kigoma nimalizie 280,000, ndipo anipe namba ya risiti ya kuuchukulia. Maana yake unalipa yote kabla hujafungua boksi. Halafu anatoa waranti ya siku tatu, "ikiwa na tatizo lolote narudisha hela yako." Kwangu siku tatu zilionekana uungwana.

Mzigo ulifika Jumatano jioni. Niliikagua kamera kwa macho na masikio: shata inalia vizuri, gia ya kuvuta mkanda laini, lenzi ukiitazama juani inang'aa. Nikaweka mkanda. Alhamisi nikaenda Ujiji, pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone chini ya miembe, na Jumamosi alfajiri nikashuka Katonga wavuvi wanarudi na dagaa. Nilimaliza picha 36 kwa mwendo wa taratibu kabisa, kila moja nikiifikiria.

Jumapili nikausafisha mkanda nyumbani, yaani kuutoa picha kwa dawa. HP5 kwa dawa ya D-76 isiyozimuliwa ni dakika saba na nusu katika nyuzi 20, na kwa maji ya huku inabidi kuweka barafu kwenye beseni ili kufika hapo. Nilipomwaga dawa, ilitoka nyeusi kama wino, na vipande vya kitu kama masizi. HP5 haitoi kitu kama hicho. Nilipoufungua mkanda, rangi yake ilikuwa ya chungwa, na ukingoni, mahali ambapo panatakiwa kusomeka ILFORD HP5 PLUS, palikuwa na namba 5219. Hiyo ni filamu ya Kodak ya kupigia sinema za rangi. Mtu ameikata, ameiviringisha gizani ndani ya vikopo vilivyotumika, akavirudisha kwenye maboksi na kuyagundisha upya.

Na hili lina madhara kupita hela yangu. Filamu ya sinema kama ile niliyouziwa ina utando mweusi wa kaboni mgongoni, ambao una namna yake ya kuondolewa. Ukiipeleka kwa mtu anayesafisha filamu za rangi za kawaida, naye asijue, utando ule unatoka ndani ya mashine yake, unachafua dawa, unaharibu mikanda ya wateja wengine. Kwa hiyo mwenye mikanda kutoka kwa mtu huyu, hata kama boksi limeandikwa nini, tafadhali usiipeleke popote.

Kamera nayo ikajionyesha kwenye mkanda huo huo. Kila picha niliyopiga kwa 1/1000 kwenda juu ina ukanda mweusi upande mmoja, kwa sababu mapazia ya shata hayaendi sawa. Nyingine zina mistari myeupe ya mwanga ulioingia kwa nyuma, maana sponji za mlango wa nyuma, zinazozuia mwanga, zimeoza na kugeuka kama lami. Nikachukua tochi ya simu, nikaimulika lenzi kwa nyuma, nikatazama kwa mbele kwa pembe. Nyuzinyuzi kama za buibui zimeenea kwenye kioo cha ndani: fangasi. Juani sikuziona kabisa.

Nilimwandikia Jumapili ile ile usiku. Jibu lake lilikuwa moja, "Siku tatu zimeisha kaka," kisha akanibloku.

Nimelifikiria jibu hilo siku nyingi. Kamera ya dijitali ikiwa mbovu utajua siku hiyo hiyo, unapiga na kutazama kiooni. Filamu mpaka mkanda uishe, mpaka usafishwe. Mimi nasafisha mwenyewe na bado nilifika siku ya nne. Wengi wetu tunaweka mikanda mpaka tupate mtu wa kuipeleka Dar, inaweza kupita miezi miwili. Kwa kamera ya filamu siku tatu hazina maana yoyote, na yeye analijua hilo kuliko sisi. Ndiyo sababu siku hizi matangazo yake mengi ni ya filamu, na ndiyo sababu anawatafuta hasa wanaoanza.

Hata hivyo dijitali nazo anauza. Rafiki yangu wa Ujiji alichukua kwake Nikon D7100, akaambiwa imepiga picha 9,000 tu. Kamera za Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya faili la picha, lakini muuzaji alikuwa anatuma picha za mfano kwa WhatsApp, na zikipita hapo kama picha za kawaida taarifa hizo zinafutika. Rafiki yangu alipoipata kamera akapiga picha moja, akaisoma kwenye kompyuta: 163,000. Shata ya kamera hiyo kiwandani hupimwa kwa 150,000. Kwa hiyo ukiuziwa Nikon, mwambie muuzaji apige picha leo, akutumie kama dokumenti, faili lenyewe. Akikwepa, achana naye. Canon nyingi haziandiki hesabu hiyo kwenye picha, kwa hiyo ukiletewa picha ya Canon kama ushahidi wa hesabu, uliza vizuri inasomwaje.

Kwa za filamu, mwombe video. Afungue mlango wa nyuma bila mkanda, aelekeze lenzi dirishani tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, apige 1/1000 huku simu ikirekodi kwa mwendo wa taratibu. Mwanga unatakiwa kuonekana kwenye nafasi yote ya filamu, si nusu. Aguse sponji kwa kijiti cha meno, kisitoke na kitu cheusi kinachonata. Kisha lenzi: tochi kwa nyuma, chumba chenye giza, aizungushe polepole. Sisi tuliokaa kando ya ziwa tuwe wakali zaidi hapo, maana fangasi wanapenda unyevu, na lenzi iliyokwisha kuingiliwa haifai kukaa mfuko mmoja na zile nzima. Yangu nimeitenga kwenye kopo lake.

Kwa mikanda sina njia ya kuijua ndani bila kuisafisha. Mimi sasa nanunua yenye boksi la kiwanda ambalo halijafunguliwa tu, na gundi iliyoguswa mara ya pili inaonekana ukitulia.

Kuhusu malipo, mzigo ukija kwa basi, kubali tu iwapo utaufungua mbele ya karani kabla ya kumalizia hela. Aliye Kigoma akinunua kitu cha Tabora na ana ndugu kule, ni heri amwombe ndugu huyo aende akakione. Mimi nina binamu Tabora, na sikumsumbua kwa sababu niliona aibu kumtuma kwa ajili ya kamera. Bado linaniuma.

Namba iliyopokea hela nimeiripoti 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na polisi nimepewa RB. Wameniambia tukiwa wengi na miamala yetu tumeihifadhi, kazi inakuwa nyepesi. Narudi kituoni Alhamisi asubuhi. Wewe uliyeuziwa naye, hata kama ni mkanda mmoja, usifute mazungumzo yenu wala ujumbe wa muamala. Piga picha ya boksi, ya ukingo wa filamu kama umeshaisafisha, na ya risiti ya basi, unitumie kabla ya Jumatano jioni. Anayeogopa jina lake kujulikana aniambie, nitalificha hapa, ila polisi watalihitaji. Na kama kuna mtu anazungumza naye sasa hivi kuhusu kamera ya filamu ya Pentax K1000 aliyoitangaza juzi, nimeona maelezo yake: ni yale yale aliyonipa mimi, hadi zile siku tatu.